Namna ya Kukaa na Neno Mpaka Moyo Utulie

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama muuza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kina mama wenzangu wa jumuiya wameniuliza mara nyingi, kwa maneno tofauti, jambo lilelile: mbalamwezi inawaka, dagaa hakuna, kikundi kinadai marejesho, na wewe unalala usingizi; unafanyaje? Ninafanya tafakari. Nilifundishwa na sista mmoja kwenye mafungo, nikaendelea nayo nyumbani na sokoni, na sasa nataka kuieleza kwa utaratibu ili mtu aweze kuianza kesho alfajiri bila kunitafuta.

Kwa asiyeijua kazi yetu, dagaa wa ziwa letu hili la Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, nyavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti tena, kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo mitumbwi inalala nchi kavu na sisi tunakaa mikono mitupu. Giza likirudi dagaa wanapatikana, lakini lazima waanikwe, juani, na mvua ikiwakuta kwenye chanja wakilowa wanaharibika. Wale uliotaka kuwauza kwa mteja wa Kongo unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Mwezi, mvua, upepo: riziki yetu yote imeshikwa na vitu ambavyo hakuna mama anayeviamuru. Ndiyo maana kumtumaini Mungu kwetu ni suala la kila siku, na anayelikosa anaumwa kichwa, anagombana na watoto, anakopa huku akijua hataweza kulipa.

Amani ninayoizungumzia inakuja deni likiwa bado palepale. Ile inayokuja baada ya deni kulipwa kila mtu anaipata, hata asiyesali. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni: “Msijisumbue kwa neno lo lote, bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu. Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu.” Soma tena uone: hakusema haja zenu zitatimizwa kesho. Alisema zijulikane na Mungu, na amani italinda moyo. Mnyororo ulikuwa bado mkononi mwake.

Wapo wanaofundisha kutafakari kwa kuondoa kila wazo kichwani. Mwili unaweza kupata pumziko kwa njia hiyo, lakini mimi nafundisha jambo jingine. Katika tafakari ya Kikristo yupo Mtu uliyemwendea. Unakaa mbele za Mungu aliye hai, umeshika Neno lake, unamsikiliza, unamjibu, unabaki naye. Mama Maria alifanya hivyo pale Bethlehemu wachungaji walipoondoka: “akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake.” Hakuanza kwa kuuliza maswali. Aliyaweka kwanza.

Wakati, mahali na mwili

Chagua saa ambayo hakuna mtu mwenye haki ya kukuita. Kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto wa binti yangu hawajaamka na kabla magari ya mizigo hayajaanza kupiga honi. Mwenzangu anayeuza sangara anaitumia saa nane mchana, soko likipoa, akikaa nyuma ya meza yake na khanga kichwani. Watu wanadhani anasinzia na wanamwacha. Saa yoyote inafaa, mradi iwe ileile kila siku. Moyo unazoea. Baada ya muda ukikaa tu mahali pale, nusu ya kazi imeshafanyika.

Anza na dakika 15. Weka kengele ya simu, kisha iache simu chumba kingine, kwa sababu meseji ya kikundi ikiingia ukaiona, basi. Kengele inakusaidia usiwe unachungulia saa. Kaa kwenye kigoda au mkekani, mgongo umenyooka bila kukazwa, mabega yashuke, viganja vitulie mapajani. Ukiwa umechoka mno usipige magoti. Magoti yanayouma yatakunyima kusikiliza.

Kabla ya kukaa, simama kidogo. Haya ni ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, yule askari wa Hispania aliyevunjwa mguu na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, akaongoka akiwa kitandani anauguza. Anashauri usimame hatua moja au mbili kutoka mahali pako pa sala, kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, ufikirie jinsi Mungu anavyokutazama wakati huo. Ukiruka mengine yote, hili usiliruke. Wengi wetu tunaingia kwenye sala tukiwa tunajitazama wenyewe, tatizo letu, dhambi yetu, na tunatoka tumechoka. Simama kwanza utazamwe. Kisha fanya ishara ya msalaba polepole, keti, mwite Roho Mtakatifu kwa maneno yako mwenyewe.

Kusoma na kuingia ndani ya Neno

Chukua kipande kifupi. Mistari mitano hadi saba inatosha, na Zaburi fupi inatosha kabisa. Anayesoma sura tatu kwa dakika 15 anajifunza Biblia, na ni jambo jema, lakini wakati wake ni mwingine. Jioni iliyotangulia tafuta kipande hicho, uweke alama, ili alfajiri usianze kupekua kurasa.

Mmonaki mmoja Mkartusi wa Ufaransa, Guigo wa Pili, aliyeishi karne ya 12, alizipanga hatua za sala hii katika ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na mwisho kumtazama Mungu kwa kimya. Nitakuonyesha zinavyokwenda kwa kutumia kipande nikipendacho kuliko vyote, Marko 4, kuanzia mstari wa 35 hadi 41. Nimekipenda kwa sababu ni habari ya watu wa ziwa.

Soma mara ya kwanza kwa sauti, taratibu, usikie midomo yako mwenyewe. Imekuwa jioni. Yesu anasema, “Na tuvuke mpaka ng’ambo.” Wanamchukua vile vile alivyo, chomboni, na vyombo vingine vipo pamoja naye. Inatokea dhoruba kuu ya upepo, mawimbi yanakipiga chombo hata kinaanza kujaa maji. Naye yuko katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Wanamwamsha: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Anaamka, anaukemea upepo, anaiambia bahari, “Nyamaza, utulie.” Kukawa shwari kuu.

Soma mara ya pili, na safari hii uingie. Ignasi alifundisha kwamba akili ya kuona picha nayo ni zawadi ya Mungu, itumike: ona mahali, sikia sauti, gusa, nusa. Ziwa la Galilaya ni dogo mbele ya letu, urefu wake ni kama kilomita 21 tu, nalo limezama chini ya usawa wa bahari huku vilima vikilizunguka, kwa hiyo upepo hushuka ghafla. Mwaka 1986 maji yalipopungua kwa ukame, kando ya ziwa hilo pale Ginosar kilipatikana chombo cha uvuvi cha karne ya kwanza, kimezikwa kwenye tope. Urefu wake ni mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Niliposikia vipimo hivyo niliona kwamba nakijua chombo kile. Mitumbwi ya mbao inayoshusha dagaa hapa Mwaloni haitofautiani nacho sana. Ndani ya upana wa mita 2 watu hawafichani. Petro anayeteka maji kwa nguvu alikuwa karibu kumkanyaga Yesu mguu. Kelele zote zile, maji yale yote ya baridi, na yeye amelala hapohapo, kichwa kwenye mto.

Kaa hapo. Usikimbilie mstari wa 39 ambapo upepo unakoma. Karibu kila mtu ninayemfundisha anakimbilia huko, kwa kuwa tunaupenda muujiza, na tafakari inaisha kabla haijaanza. Kaa ndani ya chombo kinachojaa maji pamoja na Yesu aliyelala. Jiulize uko wapi: unashika kasia, unateka maji, unampigia kelele, au umejikunyata pembeni? Mtazame. Mtu hulala hivyo pale tu anapojua yuko mikononi mwa nani. Yeye alikuwa mikononi mwa Baba kabla ya dhoruba na wakati wa dhoruba, na amekualika uwe naye humo.

Soma mara ya tatu. Sasa tega sikio neno moja au sentensi moja ikugonge. Siku nyingine itakuwa “vile vile alivyo”. Siku nyingine itakuwa swali la wanafunzi. Kuna siku kwangu ilikuwa “vyombo vingine”, nikakumbuka kwamba si mimi peke yangu niliye majini, na jirani yangu ambaye tulikuwa tumenuniana naye yuko kwenye dhoruba yake. Ukipata neno, acha kuendelea. Lirudie kimya, uliache lishuke. Ignasi anasema pale utakapopata unachokitafuta, ukae hapo bila wasiwasi wa kusonga mbele mpaka umeridhika. Martin Luther naye alikuwa na mawazo hayohayo. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Petro, aliyemuuliza jinsi ya kusali, akamshauri achukue Baba Yetu na Amri Kumi, azitafakari moja moja, na mawazo mema yakimjia kwa wingi aziache sala nyingine, anyamaze asikilize, maana Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri. Jirani yangu Mlutheri ndiye aliyenieleza habari hiyo, nami nilifurahi kuona Mkatoliki na Mlutheri wa miaka ileile ya 1500, ambao kwa mengi hawakupatana, wamekutana kwenye jambo hili.

Kumjibu

Neno likishakugusa, sema naye. Hapa watu wetu wanashindwa kwa sababu ya adabu. Tumezoea sala zenye maneno mazuri, tunaona haya kumwambia Mungu kitu kibaya. Lakini wanafunzi walimwambia Yesu, si kitu kwako? Hilo ni neno zito, karibu ni tusi, na Marko aliliandika. Yesu aliwauliza habari ya imani yao, hakuwatupa majini.

Kwa hiyo litaje jambo lenyewe kwa jina lake. Badala ya “Bwana, ninakukabidhi mahitaji yangu yote”, sema: “Bwana, kikundi kinakaa Jumamosi, nadaiwa, na gunia zilizobaki ni mbili. Ninaogopa kuaibika mbele ya mwenyekiti.” Mara nyingi ukilisema hivyo unagundua kwamba kinachokusumbua kilikuwa kingine. Unadhani unaogopa njaa, kumbe unaogopa aibu. Unadhani una hasira na mume, kumbe una huzuni. Mungu anajua tangu mwanzo. Wewe ndiye ulikuwa hujui, na sala inakufikisha hapo.

Ukimaliza kusema, mwachie Bwana nafasi. Usitegemee sauti. Mara chache sana nimepata kitu ninachoweza kukiita jibu. Ninachopata ni kwamba jambo lile, likishasemwa mbele zake, haliko peke yake tena na mimi.

Kunyamaza

Dakika za mwisho usiseme wala usisome. Kwa sehemu hii naitegemea Zaburi ya 131, ambayo ina mistari mitatu tu: “Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha. Kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake.”

Mama yeyote aliyenyonyesha aisome polepole. Mwandishi wa Zaburi hakusema mtoto anayenyonya. Anayenyonya akishikwa kifuani anatafuta ziwa, anahangaika, anavuta nguo, analia asipopewa. Aliyeachishwa amelia tayari kwa siku kadhaa, amenyimwa alichokitaka kuliko vyote na mtu yuleyule anayempenda, na hakuelewa kwa nini. Sasa anakaa kifuani hapohapo na hatafuti kitu. Anamtaka mama mwenyewe. Huko ndiko tafakari inakokupeleka, na ni safari ndefu. Tunaanza kumpenda Mungu kwa sababu anatupa. Siku tukinyimwa tunalia. Tukiendelea kukaa kifuani, siku moja tunajikuta tumetulia, na dagaa bado hakuna.

Mwanzoni kimya hiki kitakaa nusu dakika, kisha kichwa kitajaa. Usishtuke. Utahesabu madeni, utakumbuka maharage uliyoloweka, utamjibu mtu aliyekutukana juzi. Wazo likija usipigane nalo wala usijilaumu. Sema moyoni “Yesu, nakutumainia”, urudi. Likija tena, rudi tena. Maneno hayo ndiyo yaliyoandikwa chini ya picha ya Huruma ya Mungu, ile aliyoagizwa Mtakatifu Faustina kule Poland mwaka 1931, na wengi mnayo ukutani. Kama wazo ni la kazi kweli, kwa mfano umesahau kumpigia dereva, weka daftari pembeni, andika neno moja, ufunge. Dakika 15 ambazo umerudi kwa Bwana tena na tena ni sala nzuri. Kila kurudi ni tendo la upendo.

Siku zilizokauka

Zitakuja siku ambazo husikii chochote. Biblia inakuwa karatasi. Usiache, wala usibadili saa yako, wala usianze kutafuta mtumishi wa kukufungua. Ignasi ana kanuni mbili hapa ambazo zimenisaidia sana. Ya kwanza: wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Ya pili: wakati huo ukae kidogo zaidi ya muda uliojiwekea, ili uzoee kulishinda lile linalokusukuma uondoke. Kama ni dakika 15, kaa 16. Na rudia kipande kilekile cha jana. Marudio yanazaa, mimi Marko 4 nimekaa nayo kipindi chote cha mbalamwezi bila kuimaliza.

Usiku, simu isipopatikana

Sasa nije kwenye kumtumaini Mungu penyewe, maana dakika 15 za alfajiri ni maandalizi ya saa nyingine.

Mwanangu wa pili ni mvuvi, yuko kambini visiwani. Usiku wa giza upepo ukianza kupiga mabati, nampigia, na simu haipatikani. Kina mama wengi wa Mwanza, Ukerewe na Sengerema wanazijua saa hizo. Nitasema ninachofanya.

Ninapiga mara moja, kisha naiweka simu chini. Kupiga tena na tena hakumfikishi mtu nchi kavu, kunauchoma moyo tu. Naketi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni. Navuta pumzi polepole nikisema moyoni, “Ee Mungu, uniokoe,” naitoa nikisema, “Ee Bwana, unisaidie hima.” Ni mwanzo wa Zaburi ya 70. Yohane Kasiano, mmonaki aliyekaa na wazee wa jangwa la Misri, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba wazee hao waliutumia mstari huo saa zote, kwenye kishawishi na kwenye furaha, wakilala na wakiamka. Ni mfupi, hata mtu mwenye hofu anaukumbuka. Naurudia mpaka kifua kinaacha kwenda mbio. Kisha naingia kwenye kile chombo cha Marko, ila safari hii namwona mwanangu humo, na Yesu shetrini. Nasema, “Baba, ni wako kabla hajawa wangu.” Halafu nalala, au nakaa. Usingizi usipokuja, nasali Rozari kwa ajili ya wote walio majini usiku ule.

Hapa lazima nisimame niseme ukweli, kwa sababu nimesikia mahubiri yanayoahidi mengi mno. Sisi wa ziwa hili tumeona MV Bukoba ikizama karibu na Mwanza mwezi Mei 1996, na MV Nyerere ikipinduka pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200. Ndani ya vyombo vile walikuwamo watu waliosali asubuhi ile. Mtu asikwambie kwamba waliokufa hawakuwa na imani. Kutumaini kwetu si hati ya kwamba mawimbi hayatatufika. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadneza walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo.” Na Yesu mwenyewe, aliyeinyamazisha bahari, usiku wa Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe na hakikuondolewa: “walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe.” Alianza sala ile kwa kusema Aba, yaani Baba. Ninapoogopa, nalishika neno hilo moja. Anayeweza kumwita Mungu Baba kabla hajajua mvuvi wake yuko wapi, huyo ametumaini. Naamini kwa moyo wote kwamba hata aliyezama hakuanguka nje ya mikono ile.

Na kutumaini hakukuzuii kazi. Wingu likitanda, acha hata tafakari, kimbia ukafunike dagaa kwa turubai. Mwanao akienda ziwani, mnunulie jaketi la kuokolea na umhimize alivae. Na kama hofu inakunyima usingizi wiki kwa wiki, huli, unaona afadhali kufa, nenda hospitali ukaonane na daktari, na umweleze paroko au sista unayemwamini. Kufanya hivyo si kupungukiwa imani.

Jioni, na pamoja na wengine

Jioni nafanya jambo fupi, nikiwa nafunga magunia. Namshukuru Mungu kwa kitu kimoja cha siku ile, kilicho dhahiri: mteja aliyelipa taslimu, jua la saa tano. Namwomba anionyeshe siku ilivyokuwa. Naipitia kuanzia asubuhi: wapi nilimtegemea, wapi nilishikwa na hofu nikasema neno baya. Naomba msamaha. Naitazama kesho, namwomba neema kwa jambo moja. Hayo tu, dakika 5.

Kwenye jumuiya yetu tunafanya tafakari hii pamoja baada ya Rozari, nasi tuna sheria chache tulizowekeana. Msomaji mmoja anasoma kipande mara tatu, na kati ya kusoma na kusoma tunanyamaza, mtu akiangalia saa, dakika 3 kamili, hata mtoto akilia. Baada ya hapo anayetaka anataja neno lililomgusa, neno lenyewe tu na sentensi moja ya kwa nini. Hakuna kumhubiria mwenzako wala kumsahihisha, na kinachosemwa hapo hakipelekwi sokoni. Mwishoni kila mmoja anamwombea aliye kuliani kwake. Mwanzoni kile kimya kiliwatisha watu, wakakohoa, wakasogeza viti. Sasa ndicho wanachokifuata.

Kwa anayeanza peke yake, shika vipande hivi kwa mpangilio huu, na usihame kipande mpaka umekaa nacho siku tatu au zaidi: Zaburi ya 131, Marko 4:35–41, Isaya 43:1–5, Mathayo 6:25–34, Zaburi ya 23, Wafilipi 4:4–9, Marko 14:32–42. Cha mwisho hicho ukisome alfajiri ya Ijumaa.